Mgongo wa Hamisi

JUMAPILI

Dada Zawadi: Habari za jioni wote. Leo ni suala moja tu, mgongo wa Hamisi. Nimeshamtafutia daktari wa mifupa Alhamisi. Nataka mmoja wa kumpeleka na mmoja wa kumchukua Nuru shule. Nani na nani?

Dada Zawadi: Nawaona mmesoma.

Dada Zawadi: Watu kumi na wanne humu ndani!

Kasimu: Mimi nipo upande wa maombi 🙏🏾

Mwanaisha: 😂😂

Dada Zawadi: Kasimu.

Kasimu: Haya. Mwenyewe anasemaje, au tunamjadili kama hayupo?

Hamisi: Nipo. Ni kiuno tu jamani, kitapita.

Dada Zawadi: "Kitapita" uliniambia Nuru hajaanza shule. Sasa Nuru ndiye ananisomea meseji zako.

Hamisi: Dada, yule daktari aliangalia picha akasema diski imetokeza kidogo, kati ya pingili ya nne na ya tano. Akanipa dawa na mkanda. Kuna jipya gani tena?

Mwanaisha: Mkanda unauvaa?

Hamisi: Umevaa kiti.

Kasimu: Uacheni hapo, kiti nacho kina mgongo 😂😂

Mama Nuru: Mawifi na mashemeji, naomba niseme. Huyu usiku halali. Ikifika saa kumi alfajiri yuko sebuleni anazunguka. Asubuhi kuvaa soksi ni kazi, anaweka mguu juu ya stuli ananiita. Ikifika saa nne utadhani si yeye.

Hamisi: Mama Nuru...

Mama Nuru: Leo nasema.

Kasimu: Mimi nasema tutafute chanzo. Na chanzo kinajulikana. Kabati.

Mwanaisha: Kasimu usianze

Dada Zawadi: Kabati halihusiki.

Kasimu: Halihusiki vipi? Tulikuwa wanne. Tulipofika kwenye ngazi mmoja akapigiwa simu. Simtaji.

Kaka Idi: Umeshanitaja. Nilipigiwa simu kweli. Nitaambiwa mpaka lini?

Kasimu: Kumbe upo humu!

Dada Zawadi: Idi, swali la Alhamisi hukuliona, kabati umeliona.

Kaka Idi: Niko kazini.

Mwanaisha: Kwani hilo kabati lenyewe liko wapi siku hizi?

Dada Zawadi: Mwanaisha!!

Mjomba: *Imesambazwa mara nyingi* MGONJWA WA MGONGO ALALE CHALI SAKAFUNI SIKU SABA BILA KUINUKA. WATUMIE UWAPENDAO.

Kasimu: Siku saba bila kuinuka, Mjomba? Hata chooni?

Dada Zawadi: Asante Mjomba. Narudia. ALHAMISI. Nani?

JUMATATU

Rehema: Samahanini, nilikuwa zamu, ndiyo natoka. Nimesoma yote. Mjomba, samahani, sakafuni hapana. Kulala kutwa nzima kunauzidisha mgongo, ushauri huo uliachwa zamani.

Rehema: Diski nayo isiwatishe. Ukiwapiga picha watu wazima wasioumwa popote, si wachache utakaowakuta nayo. Picha peke yake haisemi kwamba hapo ndipo panapouma. Hamisi, nijibu. Ukipumzika kinapungua au kinazidi?

Hamisi: Kinazidi. Nikitembea kinaachia.

Rehema: Asubuhi kinakakamaa kwa muda gani?

Hamisi: Kidogo tu.

Mama Nuru: Zaidi ya nusu saa.

Rehema: Umewahi kuumwa jicho? Jekundu, linauma, halitaki mwanga?

Mama Nuru: Eeeh! Mwaka jana. Alikaa na miwani ya jua ndani ya nyumba. Tukaambiwa vumbi.

Kasimu: Jicho na kiuno wapi na wapi

Rehema: Kuna baridi yabisi inayoshika uti wa mgongo na pale unapoungana na nyonga. Huanza polepole, mara nyingi kabla ya miaka 40, humwamsha mtu usiku wa manane, na mtu akijinyoosha akatembea inalegea. Na hushika macho pia. Haitokani na kubeba kitu chochote, Kasimu.

Rehema: Sisemi ndiyo hiyo. Nasema habari ya usiku, asubuhi na jicho daktari aisikie, siyo apewe picha tu. Kuna kipimo cha damu, na picha ya maungio ya nyonga, siyo ya kiuno peke yake. Bora aanzie kwa daktari wa baridi yabisi. Ninayemjua anaona wagonjwa Jumanne.

Rehema: Na hizo dawa za maumivu usizimeze kienyeji. Zinachoma tumbo, zinaumiza figo.

Hamisi: Nameza nikizidiwa tu.

Mama Nuru: Anazidiwa kila siku.

Dada Zawadi: Basi Alhamisi nafuta, tunakwenda Jumanne ijayo. Idi utampeleka?

Kasimu: Akipigiwa simu je 😂

Kaka Idi: Unaona sasa?

Baba Mkubwa: Nimesomewa yote. Baba yenu naye alisema kitapita. Mnajua kilivyopita. Hamisi, nenda. Na kabati nililitoa mimi, asiulizwe mtu.

Mwanaisha: Shikamoo Baba Mkubwa

Dada Zawadi: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Kaka Idi: Shikamoo Baba.

Hamisi: Shikamoo Baba Mkubwa. Nitakwenda.

Baba Mkubwa: Marahaba. Miguu ina nguvu?

Hamisi: Ina nguvu Baba. Ganzi hakuna. Choo na mkojo navyo sawa.

Rehema: Vizuri. Siku ganzi ikishika pale unapokalia, au mkojo ukigoma, au miguu ikilegea, usisubiri Jumanne wala usiandike humu. Hospitali saa hiyo hiyo. Homa au kukonda bila sababu navyo usivinyamazie, kifua kikuu pia hushika uti wa mgongo.

Kasimu: Sawa daktari.

Kasimu: Idi, samahani kwa lile.

Kaka Idi: 👍🏾

Dada Zawadi: Kwa hiyo Jumanne. Idi?

Kaka Idi: Naweza asubuhi, mwisho saa nne.

Rehema: Anaanza saa nne 🙈

Hamisi: Jumanne nina kikao kazini. Labda ile inayofuata.

Dada Zawadi: Hamisi, umemjibu Baba Mkubwa nini sasa hivi?

Hamisi: Nitaongea na bosi.

Dada Zawadi: Uongee leo. Kasimu, Idi akishindwa unampokea saa nne. Kasimu?

Dada Zawadi: Kasimu nakuona uko hewani.

JUMANNE

Mariamu: Jamani ndiyo nafungua simu. Mimi Alhamisi nipo, Nuru nitamchukua bila shida.

Dada Zawadi: Mariamu, soma juu.