Cameron Indoor ya Duke: ivunjwe ijengwe kubwa, au iachwe ilivyo?

Mpita_Njia: Wakuu, nisaidieni. Duke ni chuo kikuu cha Marekani chenye hela, timu yake ya mpira wa kikapu iko kwenye TV kila wiki, halafu inachezea ukumbi wa watu 9,314. Majirani zao Carolina, chuo cha mji wa Chapel Hill, wana ukumbi wa Dean Smith Center, watu zaidi ya 21,000. Si wabomoe wajenge la maana? Tiketi hazishikiki.

Benchi_la_Nyuma: Udogo ndiyo silaha yenyewe, mkuu. Wanafunzi wanasimama kwenye mabenchi hadi ukingoni mwa uwanja. Mgeni akienda kurusha mpira wa nje, vidole vya watu vinampepea mgongoni. Kwa mechi ya Carolina wanalala kwenye mahema wiki kadhaa wapate nafasi. Huko Chapel Hill ni ukubwa wa bure, matajiri wamekaa mbele wanasinzia.

Dada_wa_Chapel_Hill: Tunasinzia? Machi 2022, mechi ya mwisho ya Coach K (Mike Krzyzewski, kocha wenu wa Duke) nyumbani kwake, wachezaji wake wa zamani wamejaa humo ndani, sherehe imepangwa. Matokeo? Carolina 94, Duke 81. Wasinziaji ndio waliokula pilau.

Benchi_la_Nyuma: Mechi moja dada, utatembea nayo mpaka kaburini.

Dada_wa_Chapel_Hill: Na nitazikwa nayo.

Fundi_Mchundo: Rudini kwenye mada. Pale ni pa kihistoria. Kocha Eddie Cameron aliuchora mwenyewe kwenye kasha la kiberiti, miaka ya thelathini huko. Unabomoaje kitu kama hicho?

Mzee_Kifimbo: Hapo umenigusa pabaya. Kiberiti ni hadithi ya kunogesha kahawa. Ramani ilitoka ofisi ya Horace Trumbauer, Philadelphia, na mchoraji wao mkuu alikuwa Julian Abele, Mmarekani Mweusi. Ukumbi ukafunguliwa Januari 1940. Duke ilipokea wanafunzi Weusi wa shahada ya kwanza mwaka gani? 1963! Abele alishafariki tangu 1950.

Fundi_Mchundo: Mzee shikamoo, lakini mimi nimesema wazo, sijasema ramani. Siku hizi kila kitu rangi, rangi.

Mzee_Kifimbo: Marahaba. Umeandika "aliuchora mwenyewe", panda juu ukasome. Na rangi sikuileta mimi. Mwaka 1986 wanafunzi walijenga vibanda chuoni kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, mmoja akalalamika kwamba vinaharibu sura ya chuo. Akajibiwa gazetini na mwanafunzi wa ukoo wa Abele: sura hiyo unayoililia aliichora Mweusi. Wengi ndiyo kwanza wakalisikia jina.

Benchi_la_Nyuma: Duh. Hii sikuijua, na miaka yote najiita Duke damu.

Dada_wa_Chapel_Hill: Damu gani isiyojua ukoo wake 😂

Fundi_Mchundo: Sawa, lakini si wameshamheshimu? Tangu 2016 ile bustani kubwa katikati ya chuo inaitwa Abele Quad.

Mzee_Kifimbo: Nyasi! Ukumbi wamempa Cameron 1972, sakafu wamempa Coach K, Abele kapewa nyasi.

Fundi_Mchundo: Majengo mengi yanayozunguka hizo nyasi ni kazi yake, Mzee. Jina limekaa mahali pake.

Mzee_Kifimbo: Basi wamtoe Cameron mlangoni wamweke huko kwenye mahali pake.

Benchi_la_Nyuma: Cameron hatoki. Hapo tutagombana kweli.

Mpita_Njia: Jamani, tiketi?