Fomula za FM zinanitoroka nikikaa kwenye mtihani, nyinyi mnazishikaje?

mwana_wa_busia
Habari zenu wakubwa, naomba msaada kabla sijapasua hii kalkuleta. Nasoma ACCA, ile kozi ya uhasibu, niko kwa pepa ya Financial Management (FM) na hii ni mara ya pili, ya kwanza nilipata 44 na ya kupita ni 50 kwa hiyo uchungu mnaujua. Mchana kutwa nashinda na makaratasi ya malori hapa mpakani, narudi nyumbani saa mbili usiku ndo nafungua kitabu. Fomula nimebandika kila mahali hadi mlango wa choo, mke wangu sasa anazijua kunishinda. Lakini nikikaa kwenye mtihani zote zinayeyuka. Kilichoniuma zaidi ni Miller-Orr, ile ya kupanga pesa taslimu ya kuweka mkononi, niliikariri wiki tatu, kufika kule naikuta wameiandika palepale kwenye karatasi ya fomula, na bado nikaikosa!! EOQ (kiasi cha kuagiza chenye gharama ndogo zaidi) nikakosa, IRR (riba ambayo mradi haupati faida wala hasara) ndo usiseme kabisa, nilipata 40% nikafurahi. Mliopita mlifanyaje, mlikremu usiku kucha ama kuna dawa nyingine?

nnyabo_wa_mbale
Pole sana ssebo. Kwanza bandua hizo karatasi chooni 😂 Ile fomula shiti ya FM inakupa EOQ, Miller-Orr, CAPM (faida wanayotaka wenye hisa kulingana na hatari), beta ya aseti (hatari ya biashara bila deni), WACC (wastani wa gharama ya mtaji), ile ya kukua kwa gawio, Fisher (riba na mfumuko wa bei), na mbili za fedha za kigeni. Hizo usizikariri hata moja. Wanachokupima ni kama unajua kila herufi inakula nini.

Chukua EOQ. Duka linauza magunia 12,000 kwa mwaka, kila ukiagiza unatumia 30,000 za simu na gari, kutunza gunia moja mwaka mzima ni 2,000. Mbili mara 30,000 mara 12,000, gawa kwa 2,000, unapata 360,000, skwea ruti yake 600. Sasa usikimbie hapo, kaa nayo kidogo. Ukiagiza 600 kila mara utaagiza mara 20, hiyo ni 600,000 ya kuagiza. Stoo kwa wastani ina magunia 300, mara 2,000 ni 600,000 tena. Umeona zimelingana? Ndo maana ya EOQ yenyewe, pale gharama mbili zinapokutana, na ndo njia ya kujikagua bila kumuuliza mtu. Zisipolingana ujue hesabu umeipiga vibaya, ila kuna kosa halijitokezi hapo, swali limekupa mauzo ya mwezi wewe ukaweka hivyohivyo huku gharama ya kutunza ni ya mwaka, hilo likague kwanza.

taksi_ya_ntinda
Mimi sikubaliani sana na nnyabo, kuelewa ni sawa lakini kuna fomula hazipo kwenye shiti na lazima ziwe kichwani, siku za wadaiwa, siku za stoku, giaringi (uzito wa deni kwenye mtaji), ROCE (faida juu ya mtaji uliotumika), hizo hakuna atakayekupa. Mimi nilikuwa naziandika kwenye taksi kila asubuhi nyuma ya risiti, bila kuangalia popote, jamu ya Kampala ina faida yake. Nikikosa moja narudia hiyo tu jioni. Zingine ni rahisi wala hazihitaji kukremu, kama faida, ukiambiwa 25% ni 25% tu, iwe margin iwe mark-up.

mzee_wa_leja
Hapana kijana wangu, hapo mwisho utampoteza mwenzio. Mama ananunua kitenge 80,000 anauza 100,000, faida 20,000. Juu ya bei ya kununulia hiyo ni 25%, ndo mark-up, juu ya bei ya kuuzia ni 20%, ndo margin. Faida ni ileile, unachogawia ndicho kimebadilika. Ni kosa lilelile la VAT, mtu anaona bei ya 118,000 yenye VAT ndani anapiga 18% anapata 21,240 wakati kodi ni 18,000. Nimesahihisha vitabu vya wateja wangapi kwa hilo, wee acha.

Sasa mwana wa Busia, hiyo 40% yako. Nadhani NPV, yaani thamani ya leo ya pesa zote za mradi ukishatoa mtaji, ilikuwa chanya kwa 10% na hasi kwa 20%, sivyo? Tuseme milioni 6 kisha hasi milioni 4. Usifikirie fomula, fikiria mteremko. Kutoka 6 hadi 4 chini ya sifuri umeshuka milioni 10 jumla. Sifuri umeipita ukiwa umeshuka 6 kati ya hizo 10. Basi na riba nayo imetembea 6 kati ya 10 ya safari yake kutoka 10 kwenda 20, jibu 16%. Wewe umetoa 4 kwa 6 ukapata 2, ukagawa 6 kwa 2 ukapata 3, mara 10 ni 30, jumlisha 10 ndo hiyo 40, umesahau hasi ndani ya hasi. Na hata bila kurudia hesabu, kama kwa 20% mradi tayari unaleta hasara, 40% itatoka wapi?

Kwenye maswali marefu unapewa spredishiti, IRR inajipiga yenyewe, ila angalia ile ya NPV, inachukulia namba ya kwanza ni ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Pesa ya mwaka sifuri usiiweke ndani, ijumlishe nje.

taksi_ya_ntinda
Mzee nimekubali, webale nnyo. Nimeenda kuangalia notisi zangu, nimeandika huo uongo kwa wino mwekundu kabisa.

mwana_wa_busia
Jamani. Jana umeme ulikatika nikafungua lile swali la EOQ kwa tochi ya simu. Nikiweka magunia ya mwezi, 1,000, napata 173, na hiyo 173 ndo aina ya jibu nililokuwa naandika siku zote! Mzee, 6 na 4 umejuaje. Sasa iliyobaki ni Miller-Orr, naijaza vizuri lakini jibu linatoka dogo ajabu.

nnyabo_wa_mbale
Umepewa standadi devieshoni, kipimo cha pesa inavyopanda na kushuka kila siku, ukaiweka kama ilivyo. Fomula inataka variansi, izidishe kwa yenyewe kwanza, 3,000 inakuwa 9,000,000. Na riba iwe ya siku, 7.3% kwa mwaka gawa kwa 365 ni 0.02%. Halafu ile ni ruti ya tatu siyo ya pili, tafuta kitufe chake kabla ya siku yenyewe.

mwana_wa_busia
Kitufe nimekipata, kumbe kiko juu ya kingine lazima ubonyeze shift. Chooni nimeacha siku za wadaiwa na ROCE tu, mke wangu amegoma nisibandue CAPM, anasema ndo ameanza kuielewa.