Naomba ushauri: kisanduku cha kioo cha kuwekea zana za zamani

Jambo kwenu mafundi na wapenzi wa zana za mkono. Niko Bukavu, upande wa ziwani, ambako unyevu hautuachi kuanzia Septemba hadi Mei.

Marehemu babu aliniachia randa ya chuma ya Stanley namba 4, patasi za Goldenberg na keekee ya mkono. Ninazitengenezea kisanduku cha kutundika ukutani, sentimita 60 kwa 40, mbele kioo. Mbao ni libuyu. Fremu imekwisha na pembe zimeshikana vizuri. Shida ni mgongo, yaani ubao wa nyuma. Ubao mzima unapendeza, ila unatanuka na kunywea kwa upana. Nikiugandisha kwa gundi pande zote utapasuka tu. Tripleksi, yaani ubao wa tabaka nyembamba zilizogandishwa pamoja, haina taabu hiyo, lakini inaniudhi kuiona nyuma ya zana kama hizi.

Nilijaribu kuzilaza ndani juu ya mahameli, nikafunga. Patasi zikaota kutu upande uliogusa kitambaa, ingawa nilizipaka mafuta ya cherehani. Fundi mmoja wa Kadutu anasema nitoboe matundu ya hewa. Mwingine anasema nizibe kabisa, niweke kafuri.

Sasa, nikiuchomeka ubao kwenye mfereji wa fremu bila gundi, nyuzi za mbao zikilala kwa urefu, niuachie nafasi ya milimita ngapi kwenye zile sentimita 40? Na kwa hewa ya huku, ni matundu au kuziba? Aliyewahi kutunza chuma ndani ya mbao anijibu, hasa kama hakutumia mahameli.