Nimebaki nyumbani na watoto, mke yuko kazini: akina baba wenzangu wa Dar mnashika wapi?

BabaWawili_Kimanga

Wakuu, salaam. Nina miaka 33, naishi Tabata Kimanga. Mkataba wangu wa kiwandani uliisha Machi, haukuongezwa. Mke wangu ni muuguzi, anaingia kwa shifti. Siku zake 84 za likizo ya uzazi zilipoisha tukakaa chini kupiga hesabu: mshahara wa dada wa kazi, nauli, chakula. Tukaona heri nibaki mimi. Mkubwa ana miaka minne, mdogo miezi mitano.

Kazi yenyewe naiweza. Naogesha, nafua, napika, mdogo namlaza kwa kanga mgongoni. Kinachonila ni upweke. Nikikaa uani na akina mama wapangaji, maongezi yanakatika. Nikipita kijiweni na mtoto mgongoni naitwa golikipa, yaani wa kukaa nyumbani tu. Wiki iliyopita nilimpeleka mdogo kliniki kupima uzito, nikaulizwa mbele za watu, "Mama yake yuko wapi?" Nikaambiwa nipishe akina mama kwanza. Nilifika saa mbili asubuhi, nikatoka saa saba mchana. Siku ile nililia, wakuu, na sioni haya kulisema.

Naomba kujua, kwa sisi akina baba, msaada unapatikana wapi huku Ilala? Kuna ofisi, kikundi, mtu wa kumuuliza? Halafu mke anakamua maziwa kabla ya kwenda zamu na friji hatuna. Kwa joto hili yanakaa saa ngapi?

SistaMbagala

Pole sana mdogo wangu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, nimesikitika. Kadi ya kliniki ni ya mtoto. Aliyeishika akiwa baba, bibi au shangazi, mtoto anahudumiwa kwa foleni kama wengine. Wakikurudisha nyuma tena, usigombane na aliye mezani, omba kumwona mganga mfawidhi wa kituo umweleze kwa utulivu.

Maziwa: kwenye joto la kawaida la chumba mwisho ni muda wa saa nne tangu yalipokamuliwa, na Dar usiyavizie mpaka dakika ya mwisho. Yafunike, yaweke chumba chenye ubaridi, mbali na jua na jiko. Mnyweshe kwa kikombe kidogo kilichooshwa vizuri, chupa na chuchu zake ni shida kusafisha. Yakibaki kwenye kikombe alichonywea, usimtunzie baadaye, mwaga.

Akifika miezi sita mpeleke apate matone ya vitamini A, na ndipo unapoanza kumlisha. Uliza siku hiyohiyo habari ya uji na mboga, tunaeleza na kuonyesha. Miezi tisa ni chanjo ya surua na rubela, inarudiwa miezi 18. Na akiugua, matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano hayalipiwi kwenye vituo vya serikali.

Mpambanaji_GMboto

Mkuu mimi nakwambia ukweli, tafuta kazi yoyote. Mwanaume akikaa nyumbani muda mrefu heshima inapungua, hata kwa mke.

BabaKulwa

Mpambanaji, kazi ataitafuta, lakini leo hii nani amshike mtoto wa miezi mitano? Mimi nililea pacha wangu Segerea karibu miaka miwili, mama yao akiwa dukani. Heshima yangu iko palepale, na watoto wakianguka huko nje wananiita mimi.

Kaka, ofisi yenye kibao cha "akina baba" sikuiona, nisikudanganye. Nilichofanya ni kuingia kwenye milango iliyopo. Nilianza kwa mjumbe, akanipeleka serikali ya mtaa, nikaunganishwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Yule dada alinisaidia kuliko ndugu zangu. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, kwa hiyo aliwajua wanaume wengine wawili wenye hali kama yangu, na sisi kwa sisi hatukuwa tukijuana! Pia nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata. Mtajie programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, ile PJT-MMMAM iliyozinduliwa 2021, uulize kama kuna vikao vya malezi karibu nawe. Vinahusu wazazi wote.

Mkubwa atakapotimiza mitano mwandikishe awali, shule ya serikali haina ada. Ukitaka kituo cha kulelea mchana kabla ya hapo, omba kuona cheti cha usajili kwanza. Na siku ukiwa na nauli, mpeleke Maktaba Kuu pale Bibi Titi, wana sehemu ya watoto. Wangu walikuwa wanatulia kule, nami napumua.

Mkazi_wa_Umoja

Niko Nairobi. Huku sheria ya ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili na mshahara, kwenu nasikia ni siku tatu. Zikiisha, sote tunabaki peke yetu. Ndugu, mtafute baba mmoja tu. Mimi nilimpata kanisani, na mmoja alitosha.

MamaNasri

Shemeji, naongea kama mke. Mume wangu alikaa nyumbani mwaka mzima. Nilikuwa narudi usiku nakagua vyombo, nauliza kwa nini nguo hazijaanuliwa, simuulizi yeye ameshindaje. Alinyamaza hadi akakonda. Mwambie mkeo yote uliyotuandikia hapa, usimfiche kisa kachoka. Halafu akumbuke sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, azungumze na mkuu wake wa kazi, pengine awahi kutoka.

BabaWawili_Kimanga

Wakuu nimerudi. Nimemsomea mke uzi wote, tumeongea mpaka usiku mkubwa. Kesho anapeleka barua kuhusu zile saa mbili. Mjumbe ameniandikia namba ya mhudumu wa afya, atapita Alhamisi. BabaKulwa, nimekutumia ujumbe pembeni. Jumamosi nina watoto wote wawili, nikija Segerea asubuhi nitakukuta?

BabaKulwa

Utanikuta. Njoo saa tatu kabla jua halijawaka, na mdogo mbebee kofia.