Golden Slipper: kwa nini farasi wa miaka miwili wakapewa mbio kubwa namna hii?

Mwana wa Mingoyo

Ndugu wanajukwaa, habari za masika. Ninaishi Lindi mjini, na farasi nimewaona kwenye televisheni tu. Mwezi Machi mpwa wangu, ambaye mkeka wake siku hiyo ulikuwa na mbio za Sydney, aliniita asubuhi nitazame kwenye simu yake mbio ziitwazo Golden Slipper, na kabla sijamtambua farasi aliyemchagua zilikuwa zimekwisha. Mkeka ulichanika, lakini hilo si la kuandikia hapa. Kilichonishangaza ni kuambiwa kwamba wote waliokimbia walikuwa na umri wa miaka miwili. Naomba mwenye kuijua historia yake anieleze zilianza lini, na kwa nini wenyewe waliamua kuwashindanisha wanyama wachanga kwa umbali mfupi vile. Rafiki yangu mmoja wa kijiweni anasisitiza kwamba mbio hizo ziliundwa makusudi kwa ajili ya uzao wa dume mmoja. Je, ni kweli?

Baharia wa Mikindani

Ndugu yangu, rafiki yako amekaribia ukweli, ila amegeuza mambo nyuma mbele.

Golden Slipper zilikimbiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 katika uwanja wa Rosehill, Sydney, na anayetajwa kuwa mwenye wazo ni George Ryder wa chama cha mbio kilichoitwa Sydney Turf Club. Umbali ulikuwa furlongi sita, na Australia ilipohamia vipimo vya mita ukawa mita 1200. Farasi hodari humaliza kwa takriban sekunde 70, yaani mwendo wa wastani unaozidi kidogo kilomita 60 kwa saa, tena wakitokea kusimama.

Sasa nije kwa huyo dume. Jina lake ni Star Kingdom, aliyezaliwa Ireland mwaka 1946 na kukimbia Uingereza kwa jina la Star King, ambako akiwa na miaka miwili alishindwa kwa tofauti ya kichwa tu na farasi mwenye kasi ya ajabu aitwaye Abernant. Stanley Wootton ndiye aliyempeleka Australia mwaka 1951, akawekwa katika shamba la Baramul, New South Wales, na jina likabadilishwa kwa kuwa kule tayari kulikuwa na Star King mwingine. Kwa hiyo alitangulia miaka sita kabla ya mbio zenyewe, na watoto wake walikuwa wameshaonyesha kwamba wanakomaa mapema na wanakwenda kasi. Mbio zilipoanzishwa zilimkuta yupo.

Kilichofuata, hata hivyo, ndicho kinachowafanya watu waseme kama rafiki yako. Mshindi wa kwanza, Todman, mpanda farasi wake akiwa Neville Sellwood, alimwacha wa pili kwa urefu wa farasi nane, jambo ambalo katika mbio fupi ni kama kumwacha mwenzako bado anafunga kamba za viatu. Baba yake alikuwa Star Kingdom. Wakafuata Skyline, Fine and Dandy, Sky High na Magic Night, hadi mwaka 1961, na wote watano ni wa baba huyo huyo! Kisha Todman mwenyewe akawa dume wa mbegu, akamzaa Eskimo Prince aliyeshinda mwaka 1964 na Sweet Embrace aliyeshinda mwaka 1967.

Hapo ndipo utaona kwa nini walipenda wachanga. Fahari ya zamani ya Australia ilikuwa mbio ndefu kama Kombe la Melbourne, lililoanza mwaka 1861, ambalo hukimbiwa kwa zaidi ya kilomita tatu na huhitaji farasi aliyekomaa. Mtu anayenunua mwana-farasi wa mwaka mmoja mnadani hapendi kumlisha miaka mitatu ndipo ajue kama fedha yake ilipotea. Golden Slipper humpa jibu ndani ya mwaka mmoja hivi, na dume akishinda, thamani yake ya uzazi huipita mbali zawadi yenyewe. Kwa maoni yangu mbio hizi ni mnada wa mbegu uliovishwa nguo za michezo, nami nasema hivyo bila dharau.

Bibi Mifugo, Masasi

Baharia ameeleza vizuri, nami naongeza la umri, maana nimefanya kazi ya mifugo kwa miaka mingi. Katika kizio cha kusini farasi wote wa mbio huhesabiwa kuwa wametimiza mwaka tarehe 1 Agosti, hata kama mmoja amezaliwa Agosti na mwingine Novemba. Katika mwezi Machi, tofauti hiyo ya miezi mitatu kwa mnyama anayekua ni kubwa, na aliyezaliwa mapema ana faida ambayo hakuitolea jasho.

Mifupa nayo haijamaliza kukua. Maumivu ya muundi wa miguu ya mbele ni ya kawaida sana kwa farasi wa miaka miwili walioanza mazoezi ya kasi, kwa sababu mfupa hujijenga upya kulingana na mzigo, na mzigo ukipanda haraka kuliko mfupa unavyojijenga, unauma. Si haki kusema kila anayekimbia mapema huharibika. Lakini hata huyo Todman aliumia mguu akiwa na miaka mitatu, akakaa nje muda mrefu kabla ya kurejea uwanjani.

Kuhusu sisi kutowaona farasi, sababu kubwa ni mbung'o. Mwaka 1866 Livingstone alishuka hapo Mikindani na ngamia, nyati wa India, baghala na punda, akitaka kujua kama wangestahimili mbung'o, nao wakafa mmoja baada ya mwingine katika safari ya bonde la Ruvuma, ingawa yeye alilaumu pia ukatili wa wale waliowachunga.

Mwana wa Mingoyo

Ahsante sana, bibi, shikamoo. Nimeona pia madume na majike wakikimbia pamoja. Je, majike hawaonewi?

Bibi Mifugo, Masasi

Marahaba, mwanangu. Dume hubeba kilo 56.5, yaani mpandaji pamoja na tandiko, jike kilo 54.5, na katika umri huo hizo kilo mbili zinatosha kusawazisha mambo: Sweet Embrace aliyetajwa hapo juu alikuwa jike, vivyo hivyo Bounding Away wa mwaka 1986 na Overreach wa mwaka 2013.

Baharia wa Mikindani

Na huyo Overreach alifundishwa na mwanamke, Gai Waterhouse. Baba yake, Tommy Smith, alifundisha washindi sita wa mbio hizi. Binti alimpita mwaka 2020 kwa farasi aitwaye Farnan, safari hiyo akiwa na mshirika wake Adrian Bott.