Minneapolis: nimfungulie mbwa wapi?

Swali: Jamani, mbwa wangu jike bado kijana, ana mbio, na akiona kindi hata umwite vipi hasikii. Tunakaa kusini mwa mji. Nimpeleke bustani ya mbwa ya Minnehaha au ya Lake of the Isles, akimbie bila kamba?

Jibu: Minnehaha ni pazuri mno: miti, mchanga, na mto Mississippi anaweza kuogelea. Ila uzio hauzunguki kote. Kwa huyo wako, anza Isles, kumezungushiwa.

Jibu: Naunga mkono. Akishajua kurudi akiitwa, mpeleke Minnehaha asubuhi mapema, mbwa wakiwa wachache. Usisahau kibali cha bodi ya bustani na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Muulizaji: Asanteni sana ndugu zangu. Chanjo anayo, kibali nashughulikia leo.