Waliovamia Kitaya wakikamatwa, wanyongwe au wafie jela?

Mtoa mada, Mtwara mjini
Ndugu zangu, tujadili bila matusi. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, wakaingia Kitaya, Mtwara Vijijini, wakaua na kuchoma nyumba. Sisi wa Kusini hatuhitaji kusimuliwa. Swali langu: muuaji wa namna hiyo akifikishwa Mahakama Kuu, kitanzi kinamfaa?

Nasema hakimfai, wala simwonei huruma. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinampa jaji njia moja tu kwa aliyeua kwa kukusudia: kunyongwa. Aliyemkata jirani panga kwa ugomvi wa mpaka wa shamba la mikorosho na aliyeteketeza kijiji wanasomewa adhabu ileile. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika pale Arusha, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, ilisema kumlazimisha jaji hivyo kunavunja haki ya kuishi. Na tangu 1994 hajanyongwa mtu. Hati inamsubiri rais, na Magufuli alitamka hadharani 2017 kwamba kusaini kunamwia vigumu, asipelekewe majina. Sasa tunamtisha nani?

Tandahimba
Kaka, unaongea kama mtu ambaye hajazika. Kama wakubwa wanaogopa kusaini, kosa ni lao, kitanzi kina kosa gani? Huyo muuaji atalishwa miaka arobaini na nani? Na mimi, ninayekatwa kila kilo ya korosho mnadani! Yule Breivik wa Norway aliua watu 77 mwaka 2011 akapewa miaka 21. Najua wanaweza kumwongezea. Lakini hebu igawe hiyo 21 kwa 77, uone kila marehemu kapata miezi mingapi.

Kilwa Kivinje
Huku kwetu kuna Mwembe Kinyonga. Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, kwao akiwa mhalifu. Leo tunamwita shujaa. Serikali ikishashika kamba, ndiyo inayoamua nani mhalifu.

Tandahimba
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo umechanganya. Makunganya alipigana na mkoloni. Hawa waliua wakulima wasio na hata manati.

Lindi, Ndoro
Nasikia watu wanasema dini inataka wanyongwe. Someni Kurani, sura ya Baqara aya ya 178 mpaka mwisho: kisasi kimewekwa, lakini ndugu wa marehemu anaweza kusamehe na kupokea diya, yaani fidia ya damu. Sheria yetu haimuulizi mfiwa chochote. Jaji anasoma, mama wa marehemu anapanda basi anarudi kwao.

Mikindani
Ustadhi, heshima yako, lakini aya hiyo ni ya mtu aliyemuua mtu. Wanaovamia vijiji na kutia hofu katika nchi hukumu yao ipo Maida 33, na hapo wanazuoni wanasema msamaha wa familia hauondoi adhabu. Umeileta nusu.

Newala
Mimi hofu yangu ni nyingine. Wamakonde tuko pande zote mbili za mto. Mjomba anakuja msibani kutoka Mueda, hana kitambulisho cha NIDA, Kiswahili chake kina Kireno ndani. Siku kijiji kimeungua, nani anaanza kushukiwa? Akifungwa kimakosa atatoka, hata kama amezeeka. Akinyongwa tutamfukulia nini? Na ng'ambo ya mto, Msumbiji, waliiondoa adhabu ya kifo kwenye katiba yao ya 1990, pamoja na vita yote waliyokuwa nayo.

Mtoa mada
Dada wa Newala amenigusa penyewe. Naongeza Rwanda. Aprili 1998 waliwapiga risasi hadharani watu 22 waliohukumiwa kwa mauaji ya kimbari, kisha 2007 wakaifuta adhabu hiyo kabisa. Hapo Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji yale, alipewa kifungo cha maisha, maana mahakama ile haikuwa na kifo. Ila alikiri kosa, na kukiri kwa mtu mkubwa kiasi kile kuliwafunga midomo wengi waliokuwa wanabisha. Wa Kitaya nataka awe hai miaka mingi aulizwe tena na tena: nani aliwapa silaha, nani huku kwetu aliwaonyesha njia? Hayo ndiyo ninayoyahitaji kuliko maiti yake.

Tandahimba
Hilo la kuulizwa nimelielewa. Lakini kifungo cha maisha cha nchi hii nakifahamu: kila 9 Desemba na 26 Aprili tunasikia wafungwa wamesamehewa. Niandikie kwenye sheria kwamba aliyeua kijiji jina lake haliingii kwenye msamaha wowote, awe rais nani. Ukiniletea hiyo, kitanzi naacha kukidai. Mpaka hapo, nakidai.